Sura ya Tisa: Mtani wa Dokta Luhende

Kesho yake asubuhi Albano Nandonde angepandishwa kizimbani kwa shtaka la mauaji, na Inspekta Tupokigwe Mwakabungu alikuwa haamini hata kidogo kwamba ndiye aliyeua. Shtaka la mauaji halina dhamana. Mtu akishasomewa anapelekwa mahabusu, halafu kila baada ya wiki mbili analetwa mahakamani kuambiwa upelelezi haujakamilika, mpaka watoto wake wanamaliza shule hajawaona. Tupokigwe aliwajua watu waliokaa hivyo miaka na miaka, kisha wakaambiwa waende nyumbani, kesi hakuna. Jambo hilo lilimkera kupita kiasi, na alikuwa amejiapiza kwamba kwa mkono wake hatamwongeza mwingine.

Bosi wake, Mrakibu Brightson, hakuwa na kero ya aina hiyo. Kwake kesi ilikuwa imeiva na imeshapakuliwa. Dokta Deogratias Luhende, mwekezaji aliyepeleka maji ya bomba kwenye vilima vya Wazo, alikutwa Jumatano asubuhi amekufa chini ya ngazi ya tangi lake kubwa, kichwa kimepasuka. Albano alikuwa na boza, lori la tangi la kuuzia maji. Kabla ya bomba, kilima chote kilimsubiri yeye na ndoo mkononi; baada ya bomba, boza likabaki uani, kuku wanatagia chini yake. Wiki moja kabla ya kifo Albano alisimama kwenye mkutano wa wakazi akasema huyo msomi atakuja kulala na tangi lake. Watu walisikia, Brightson akasikia kutoka kwa watu, na ikawa basi. Alimkamata mchana kweupe, akawaita waandishi wa habari, akawaambia kwamba kazi imekwisha.

Tupokigwe alimwambia bosi wake, kwa heshima zote, kwamba mtu anayepanga kuua hatangazi mkutanoni. Brightson akamjibu kwamba Wamakonde hawafichi mambo. Ni jibu la kijinga, na lilitolewa na mtu mwenye nyota begani, kwa hiyo halikuwa na wa kulicheka. Akamwamuru pia asikanyage msibani Jumapili hiyo, maana wakubwa watakuwepo na familia isisumbuliwe.

Tupokigwe akasema amesikia. Hakusema amekubali.

Pale nje ya kaunta alimkuta Rosalia, mke wa Albano, ameketi kwenye benchi na hotpoti ya wali mapajani. Alikuwa hapo tangu mumewe aletwe, akienda nyumbani kulala tu. Askari wa zamu walikuwa wamemfukuza mara kadhaa. Kila mara aliwajibu kwamba benchi ni la serikali na yeye ni raia, waje na karatasi inayosema haruhusiwi kukaa. Karatasi hiyo haikupatikana.

"Afande," Rosalia alisema, "wananiambia nikamtafutie wakili. Mie sina hela ya wakili. Nina mume ambaye usiku ule alikuwa kwangu, anakoroma."

"Mke hatoshi kuwa shahidi, dada yangu. Watasema unamtetea."

"Namtetea ndiyo. Si mume wangu?"

Tupokigwe akaondoka kwenda Wazo.

Kwa siku zote alizokuwa na faili hilo, alikuwa amefanya kitu ambacho Brightson alikiita kupoteza muda: aliulizia Dokta Luhende aliishije. Udaktari wake haukuwa wa sindano. Alikuwa daktari wa uchumi, ingawa alipohamia Wazo majirani walimletea mtoto mwenye degedege, na yeye badala ya kuwaelekeza walivyokosea akawapakia kwenye gari mbio mpaka zahanati. Alifundisha chuo kikuu kwa muda mrefu, kisha akawa mshauri wa serikali na mashirika katika mambo ya barabara, bandari na umeme. Aliandika ripoti nyingi za kueleza kwa nini kitu fulani kijengwe mahali fulani. Zilisifiwa, zikapigiwa makofi, zikawekwa kabatini. Siku moja, akiwa mtu mzima mwenye mvi, akaacha kazi. Alimwambia mkewe kwamba amechoka kuwashauri watu wengine wajenge, sasa atajenga mwenyewe.

Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mwanauchumi ambaye hajawahi kubeba hata tofali, anatumbukiza akiba yake kwenye mitaro! Na mwanzoni walikuwa na haki ya kucheka. Mradi wake wa kwanza ulikuwa mtambo mdogo wa umeme kusini, kwenye mto ambao mwaka uliofuata uliamua kukauka. Akarudi Dar mikono mitupu. Badala ya kurudi darasani kuomba ajira, akaenda Mbezi Luis, jirani na stendi kubwa ya mabasi, akafungua uwanja wa kulaza malori ya safari ndefu, wenye vyoo, taa na mlinzi. Malori yakajaa. Kwa faida ya malori akaenda Wazo, kwenye vilima ambavyo bomba halikuwahi kupanda, akawaambia watu kwamba maji yatapanda. Benki mbili zikamkatalia. Maji yakapanda hivyo hivyo.

Mtu wa namna hiyo hakosi maadui, lakini kila Tupokigwe alipouliza aliambiwa kitu kimoja. Dokta alibishana na kila mtu ana kwa ana, na baada ya hapo alikunywa naye kahawa.

Kilichompa Tupokigwe njia ni mguu. Daktari aliyeuchunguza mwili aliandika kwamba kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba na kufungwa bandeji, na bandeji ilikuwa imefungwa vizuri na mtu anayejua kazi. Brightson alisema si ajabu, mtu kaanguka. Tupokigwe akajiuliza ni nani huyo aliyemfunga bandeji maiti. Akaanza kuzunguka zahanati za upande ule, moja baada ya nyingine, mpaka Jumamosi mchana alipomkuta muuguzi aitwaye Hamdiya, ndiyo kwanza anarudi kazini kutoka kwenye harusi ya dada yake Tanga.

Hamdiya alimkumbuka vizuri. Dokta alikuja Jumanne inakaribia magharibi, peke yake, baada ya kuteguka mguu kwenye mtaro wa bomba. Alijitania mwenyewe kwamba mwekezaji wa miundombinu ameangushwa na miundombinu yake. Akafungwa bandeji, kiatu kikakataa kuingia. Hamdiya akampa mfuko wa kubebea kiatu. Dokta akaukataa, akakibana kiatu kwapani kama gazeti, akatoka anachechemea. Mlangoni akasema kuna mtu anamsubiri kule kwenye tangi, na kwamba akimwona katika hali hiyo atamcheka mpaka basi. Jina hakulitaja. Hamdiya alisafiri alfajiri iliyofuata na hakumsimulia mtu. Habari ya kifo ilimkuta Tanga, nayo ilisema tu kwamba Dokta ameanguka.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu kilimani, na mtu huyo alikuwa wa kucheka na Dokta. Albano hakuwa wa kucheka na Dokta. Brightson aliposikia haya kwa simu alisema "mtu" si jina, na kizimbani hakipandishwi kivuli. Kwa mara ya kwanza katika kesi hiyo, alikuwa na hoja.

Jumapili hiyo, nyumbani kwa marehemu, maturubai mawili yalikuwa yamefungwa mpaka barabarani. Ibada ilikuwa imekwisha. Jeneza lilikuwa kwenye meza, likisubiri gari litakalosafiri nalo kwenda Kahama, kwao. Wanawake walikuwa wanapakua pilau, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wanaongea siasa kwa sauti ya msiba. Tupokigwe alivua viatu, akaingia walipokaa wanawake, akampa pole mjane. Huyu aliitwa Clara, mama Jesca, mwanamke mrefu aliyekuwa Kahama kumuuguza mama yake wakati mumewe anakufa, na ambaye tangu arudi hakuwa amemlaumu mtu yeyote.

"Mmemshika yule wa boza," Clara alisema.

"Mkubwa wangu amemshika, mama."

"Na wewe?"

"Mie nimekuja kukaa na nyie."

Clara akamtazama kidogo, akamsogezea nafasi kwenye mkeka.

Wakati huo kicheko kikalipuka kule nje. Mzee Mwishehe alikuwa ameanza tena. Mzee huyu alikuwa Mzaramo, mwenyeji wa kilima tangu kulipokuwa na mikorosho mitupu, na ndiye aliyemuuzia Dokta kipande cha juu cha kuweka tangi. Dokta alikuwa Msukuma. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na hawa wawili waliuchukua utani wao wakaufanya urafiki. Walikuwa hawasalimiani kistaarabu. Mmoja akimwita mwenzake mtumwa, mwingine akimuuliza bei yake sokoni imeshuka mpaka wapi. Kwa hiyo msibani Mwishehe alikuwa na kazi yake na aliifanya vilivyo. Alikuwa ameficha mwiko wa wapishi. Alikuwa amelia kwa sauti ya kondoo mbele ya mgeni rasmi. Alikuwa amevaa koti la marehemu la mikutano, na alimlaumu marehemu kwa kuthubutu kufa bila kumuomba ruhusa bwana wake. Wafiwa walioshinda wakilia walijikuta wanacheka, na ndivyo utani ulivyokusudiwa.

Sasa alikuwa anamwigiza Dokta. Alishusha miwani mpaka puani akalihutubia sufuria la pilau, akaliambia kuwa ni mradi wenye tija na faida yake itaonekana katika muda mrefu. Akapiga simu ya uongo kwa meneja wa benki, akakataliwa, akamshukuru meneja kwa kumpunguzia deni. Ilikuwa sauti ile ile ya Dokta, na hata waliokuwa jikoni waliacha vijiko wakaja kutazama.

Halafu akavua kiatu cha mguu wa kushoto, akakibana kwapani, akaanza kuchechemea kuelekea jenezani. Alichechemea taratibu, kidevu juu, kama mtu mwenye heshima zake ambaye hataki kusaidiwa. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Clara naye alicheka huku anafuta machozi. "Hiyo ya kiatu kaitoa wapi mzee huyu?" aliuliza. "Baba Jesca hata ndani kwake alikuwa havui kiatu mbele za watu."

Tupokigwe hakucheka. Alimuuliza Clara polepole kama mumewe aliwahi kuwa na tatizo la mguu. Hakuwahi. Je, alimweleza kwa simu kwamba ameteguka? Walizungumza mara ya mwisho Jumanne hiyo mchana, na habari ya mguu haikuwepo. Mguu wenyewe ameujua hospitali, alipoonyeshwa mwili.

Hapo Tupokigwe alijizuia. Fundi wa pampu aliyeikuta maiti aliona mguu wenye bandeji, na huenda alisimulia. Mtu mwenye akili angeweza kutoka kwenye bandeji akabuni kuchechemea. Lakini kiatu kilikutwa chini, hatua chache kutoka kwenye ngazi, na kila mtu, pamoja na polisi, alidhani kimechomoka wakati wa kuanguka. Kukiweka kwapani ni jambo la kuonwa kwa macho. Kwa hesabu yake walioliona ni wawili, na mmoja wao alikuwa muuguzi.

Kabla ya kitu kingine alitaka, mzee akidanganya, uongo wake usikiwe na watu. Akamfuata Mwishehe kwenye kivuli cha turubai, alipokaa kupumzika kati ya wazee wenzake wawili na sahani ya pilau.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kula au kukamata?"

Wazee wakacheka. Tupokigwe naye akacheka, akamsifu kwa maigizo, akasema inaonekana walikuwa wanaonana kila siku. Mzee akasema si kila siku, mtumwa wake alikuwa na shughuli nyingi. Mara ya mwisho walionana lini? Jumapili ile kabla ya kifo, akasema bila kusita, walikunywa kahawa hapo hapo uani. Na Jumanne? Jumanne alikuwa Temeke kwa mwanawe, hakufika kilimani kabisa. Tupokigwe akawageukia wale wazee wawili, akawauliza kama na wao walikuwepo kwenye hiyo kahawa ya Jumapili, ili tu wakumbuke baadaye kwamba waliyasikia maneno hayo. Kisha akatoka kupiga simu.

Brightson alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama amerukwa na akili. "Unataka kumkamata mtani kwa utani? Msibani? Kesho nchi nzima inatucheka. Rudi kituoni sasa hivi."

"Nitarudi nikimaliza, afande."

"Hiyo ni amri, Tupokigwe."

"Nimeielewa. Nitarudi nikimaliza."

Akakata simu.

Gari la kubebea jeneza lilikuwa limeshawasha injini. Jeneza likapandishwa, Clara akakaa mbele na dereva, kwaya ikaanza kuimba. Gari lilipotaka kusogea, Mwishehe akajilaza barabarani mbele ya tairi, kifudifudi, na koti la Dokta mwilini. Kelele za furaha zikapaa. Akatangaza kwamba Msukuma huyu harudi kwao mpaka yeye bwana wake apewe jogoo, kanga ya mkewe na kreti ya soda, la sivyo gari limkanyage wazikwe pamoja. Watu wakaanza kuchanga huku wanamtukana. Ilikuwa sehemu tamu kuliko zote za msiba ule, na Tupokigwe alijua kwamba gari likiondoka waliopo watatawanyika, mzee atarudi kwake, na kesho Albano atasomewa shtaka.

Akaenda akachuchumaa mbele ya tairi, karibu na kichwa cha mzee.

"Mzee Mwishehe, kabla hujalipwa, nina swali."

"Uliza, mwanangu. Nikilala hapa naruhusiwa kujibu upuuzi."

"Dokta ulimwona wapi na kiatu kwapani?"

Watu walicheka, wakidhani na yeye kaingia kwenye mchezo. Mwishehe akajigeuza akalala chali. "Huo utani," akasema.

"Najua. Mtani anaigiza alichokiona. Ulikiona wapi?"

"Mtani hashitakiwi msibani. Kawaulize wazee wako huko Tukuyu."

"Sijakushitaki. Nimeuliza."

Wazee wawili watatu wakasogea, wakamwambia binti wa polisi asivunje mila za watu. Mmoja akamshika mkono. Tupokigwe akautoa mkono wake kwa adabu, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba mila anaiheshimu na ndiyo maana anauliza hapa, mbele ya kila mtu, badala ya kumvizia mzee njiani. Akaeleza habari ya muuguzi, ya mguu, na ya kiatu kilichokataa kuingia. Akasema Dokta alikivua kiatu Jumanne jioni, akapanda nacho kilimani, na hakushuka tena. Akasema kuna mtu amewekwa ndani kwa kifo hiki na kesho atafungiwa mlango wa mahabusu kwa miaka, na mkewe amekaa kwenye benchi tangu siku ile.

"Mzee kasema mara ya mwisho alimwona Jumapili. Wazee hawa wawili wamesikia. Jumapili Dokta alikuwa amevaa viatu vyote viwili."

Dereva akazima injini.

"Siinuki," Mwishehe akasema.

Mlango wa gari ukafunguliwa, Clara akashuka, akaja akasimama juu yake. Alikuwa amejifunga kanga nyeusi kiunoni, mikono kaikunja.

"Mzee Mwishehe. Inuka uniambie."

Akainuka, lakini hakusimama. Alikaa barabarani, vumbi kwenye mvi. Tupokigwe akamwambia hana lazima ya kusema neno lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Mzee akamtazama kwa dharau kabisa.

"Nitasema. Kwani namwogopa nani? Hapa ni kwetu." Akamgeukia Clara. "Alikuja anachechemea na kiatu kwapani, nikacheka mpaka nikakaa chini. Na yeye akacheka. Tulicheka wote. Halafu akaniambia bomba jipya halipiti kwangu tena, linapita bondeni, kule kuna watu wengi zaidi. Nikamwambia acha utani. Akasema hatanii."

Akajifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Mie na mumeo tulikuwaga hatuambiani neno bila utani. Hata aliponunua kilima tulitukanana. Siku hiyo akanieleza kama anavyowaelezaga wanafunzi wake. Idadi ya kaya, sijui gharama, sijui nini. Mie nilishawauzia watu viwanja, nimewaahidi maji. Nikamwambia. Akasema ungeniuliza kwanza. Akapanda ngazi na mguu wake mbovu anionyeshe huko bondeni pazuri palivyo. Kilima changu mie, kilima cha babu yangu mie, halafu nionyeshwe bondeni. Nikamvuta mguu."

"Mguu upi?" Tupokigwe aliuliza.

"Ule mbovu."

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Mwishehe akainua sauti juu ya kilio hicho. "Msinitazame hivyo. Maji ya kilima hiki yalianzia kwangu. Angekuwa hai ningemwambia tena."

Clara hakupiga kelele wala hakumtukana. Aliinama, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akamvua. Mzee alimwachia mikono kama mtoto anayevuliwa shati. Clara akalikung'uta vumbi, akalikunja, akarudi nalo garini.

"Mchukue," akamwambia Tupokigwe. "Dereva, twende."

Kituoni Brightson alikuwa ameshapata habari, na kama kawaida yake alikuwa ameshazigeuza. Aliwaambia waandishi waliokusanyika kwamba jeshi lake halilali na kwamba mtego msibani ulipangwa kwa makini. Tupokigwe akapita, akaandikisha maelezo ya wale wazee wawili na ya Mwishehe mwenyewe, ambaye aliyarudia yote bila kupunguza neno na akakataa maji aliyopewa kunywa. Jua lilikuwa bado kali alipokwenda kufungua mlango wa mahabusu.

Brightson alimfuata. Yeye ndiye aliyemwambia Albano kwamba yuko huru, apitie mlango wa nyuma kuepuka usumbufu, na kwamba mambo kama haya hutokea.

Albano alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana. Alisikiliza, akaketi tena sakafuni.

"Sitoki," akasema.

"Umesikia nilichosema? Uko huru."

"Nimesikia, mkubwa. Sitoki kwa mlango wa nyuma. Mlikuja kwangu na gari la polisi mchana, mtaa mzima uko nje, mkanifunga pingu mikono nyuma, mkanipiga picha. Wanangu waliona. Nirudisheni hivyo hivyo. Na gari lile lile, na mchana huu huu, na aliyenichukua aniteremshe."

Brightson akasema huo ni ujinga, gari si la kuchezea, na mafuta ya serikali yana matumizi yake. Albano akasema hana haraka, chakula mkewe analeta. Kwenye korido Rosalia alikuwa amesimama, hotpoti kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa anatabasamu.

Tupokigwe akachukua ufunguo wa gari ukutani. Akampa bosi wake mkononi.

"Waandishi bado wako nje, afande," akasema. "Watataka kujua unampeleka wapi."

Basi Mrakibu Brightson akaendesha. Walipanda Wazo na jua la alasiri, Albano nyuma na mkewe, Tupokigwe mbele. Habari ilikuwa imewatangulia. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wale wale waliomwita muuaji, wale waliogoma kumuuzia mkewe dukani, wale waliokwenda polisi kurudia maneno ya mkutanoni. Gari lilisimama mbele ya boza. Brightson akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Albano akabaki amekaa, anamtazama, mpaka Mrakibu akakohoa akatangaza kwa watu kwamba huyu bwana hana kosa.

Hapo Albano akateremka. Mikono ikamnyookea kutoka kila upande, pole Albano, pole kaka, Mungu mkubwa, tulijua tu. Albano akaiweka yake mgongoni, kiganja juu ya kiganja, kama walivyomwona siku ile ya pingu, akapita katikati yao wote taratibu mpaka mlangoni kwake.